Choo Kimefurika, Bili Imekuja: Nani Alipe?

Mlikwenda Moro kula bata, mmeamka mko kwenye maji na meneja ameshika karatasi ya madai. Kabla hamjaanza kuulizana nani alikwenda chooni mwisho, someni kwanza yaliyotukuta sisi.

Saa tisa usiku mlango wetu uligongwa kwa fujo, ule ugongaji wa mtu anayeleta habari za msiba. Mume wangu akaruka kutoka kitandani, na kabla hajasema lolote nikasikia chwaa! Miguu yake ilikuwa imetua kwenye maji.

Tulikuwa Morogoro Mjini, mji kasoro bahari. Usiku ule bahari ilikuwa imetufuata chumbani.

Ilikuwa safari ya kusherehekea miaka mitano ya ndoa. Mtoto tulimwacha kwa bibi yake Tabata, tukapanda treni ya SGR Ijumaa jioni. Tangu ianze kubeba abiria Juni 2024, Moro imekuwa kama mtaa wa nyuma wa Dar. Tukachukua bajaji mpaka hotelini, tukapewa chumba ghorofa ya pili, dirisha linatazama milima ya Uluguru. Jumamosi tulipanda mpaka Morningside, kwenye lile jengo la enzi za Mjerumani, tukashuka miguu inatetemeka, tukala kuku wa kuchoma, tukarudi tumeshikana mikono kama wachumba. Wenye ndoa na mtoto mdogo mnajua siku kama hiyo ilivyo adimu.

Nje ya mlango walisimama mlinzi na dada wa usafi, suruali zimekunjwa hadi magotini. Maji yalikuwa yametoka chooni kwetu, yamepita chini ya mlango, yamelowesha zulia la korido, na yamepenya sakafuni hadi kwenye dari la chumba cha chini. Dari lenyewe la jipsamu. Kipande chake kilikuwa kimeanguka juu ya kitanda cha baba mmoja aliyekuja Moro kikazi. Yeye alikuwa upande wa pili wa kitanda, namshukuru Mungu. Laptopu yake haikuwa na bahati hiyo.

Asubuhi tukaitwa ofisini. Meneja alikuwa mama mtu mzima, mpole, kitenge chake kimenyooka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Kaeni."

Akatusogezea karatasi. Zulia la korido shilingi 480,000. Dari 350,000. Godoro 270,000. Chumba cha chini kutouzwa siku mbili 160,000. Na mwisho kabisa, mstari mmoja umeandikwa "usumbufu", 200,000. Jumla 1,460,000. Laptopu haikuwemo, mwenyewe angetudai mwenyewe. Chini ya jumla palikuwa na nafasi ya kuweka saini, na maneno yanayosema tunakiri kusababisha uharibifu wote.

"Mabegi yatabaki hapa mapokezi mpaka tumalizane," alisema, kwa sauti ile ile ya upole.

Mume wangu aliiangalia karatasi, akaniangalia mimi, akaiangalia tena karatasi. Ile pesa ilikuwa zaidi ya kodi yetu ya miezi mitatu. Akatoa kalamu mfukoni. Yeye ni mtu wa kupenda mambo yaishe, hasa mbele ya mtu mzima. Nikamshika mkono nikamwambia, "Baba, tutoke kidogo nje tuongee."

NDIO, NILIJUA

Sasa nikwambie kitu ambacho sikukisema mbele ya meneja, na mpaka dakika ile sikuwa nimemwambia hata mume wangu. Jumamosi jioni, wakati natoa vipodozi usoni, nilitumia waipsi, zile tishu zenye unyevu za kufutia watoto. Ndoo ya takataka ilikuwa imejaa. Nikazitupa chooni, tatu au nne hivi, nikavuta maji. Maji yakapanda taratibu mpaka karibu na ukingo wa sinki, yakasimama kama yanafikiria, halafu yakashuka polepole. Nikashusha pumzi. Nikafunika mfuniko nikaenda zangu kuvaa gauni.

Dada yangu unayesoma hapa, usinicheke, najua unazo kwenye mkoba. Karatasi ya kawaida ya choo ikilowa inasambaratika. Waipsi haisambaratiki, nyingi zimetengenezwa kwa nyuzi zenye plastiki, kwa hiyo inafika kwenye kona ya sinki ikiwa nzima na inakaa pale ikisubiri wenzake. Mwaka 2017 kule London, chini ya mtaa wa Whitechapel, walikuta donge la mafuta yaliyoganda na waipsi lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Kipande chake kikapelekwa makumbusho watu wakakitazame. Kama bomba kuu la jiji zima linazibwa, sembuse kona ya sinki la hoteli ya Moro?

Tulikaa kwenye benchi la bustani ya hoteli. Nikamwambia. Sikuzunguka, nilisema tu, "Ni mimi, nilitupa waipsi chooni, na niliona maji yamepanda."

Alinyamaza muda mrefu. Milima ilikuwa imejifunika wingu mpaka kiunoni. Nilitegemea aniwakie, na kusema kweli nilishaandaa majibu yangu: kwamba yeye ndiye aliyechagua hoteli ya bei chee, kwamba yeye ndiye aliyenikimbiza nivae haraka. Tunajuana. Badala yake akasema, "Mimi nilisikia tangi likichururika tulipozima taa. Nikasema kesho nitawaambia."

Hapo tukaangaliana. Yaani watu wawili tumelala kitanda kimoja, kila mmoja ana nusu ya habari, na hakuna aliyefungua mdomo.

"NANI ALIJUA, NA SAA NGAPI?"

Nilimpigia rafiki yangu niliyesoma naye Mzumbe, siku hizi ni wakili. Jumapili saa mbili asubuhi, akapokea kwa sauti ya mtu aliyekuwa amelala. Nikamweleza. Swali lake la kwanza halikuwa nani alivuta maji. Aliuliza, "Kati yenu na hoteli, nani alijua kwamba choo kina shida, na alijua saa ngapi?"

Akaniambia madai ya namna hii huwa yanapita kwenye milango miwili. Mmoja ni mkataba. Ukilipia chumba umeingia mkataba na hoteli, hata kama hukusaini chochote zaidi ya kitabu cha wageni, na unaongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Mlango wa pili ni uzembe, yaani kumsababishia mwenzako hasara kwa kutokuwa mwangalifu. Huo msingi wake ni sheria ya kawaida ya Waingereza, ambayo Tanzania Bara inaitumia kupitia sheria yetu ya Sura ya 358, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, mradi inalingana na mazingira yetu.

Basi kumbe Waingereza nao walishagombania maji ya chooni mpaka basi. Wakili akanisimulia kesi ya Rickards dhidi ya Lothian ya mwaka 1913. Ilitokea Melbourne, Australia, ikafika hadi Baraza la Faragha mjini London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni. Mpangaji wa ghorofa ya pili alikuta mali zake zimeloa. Kule juu, ghorofa ya nne, mtu asiyejulikana alikuwa ameziba beseni la kunawia kwenye vyoo makusudi na kuacha bomba wazi. Mpangaji akamshitaki mwenye jengo, na mwishowe akashindwa. Hoja ilikuwa kwamba kuweka maji ya bomba ndani ya jengo ni matumizi ya kawaida kabisa ya binadamu, kwa hiyo mtu halipi kwa sababu tu maji yametokea upande wake. Lazima ionekane kosa lake liko wapi.

"Kwa hiyo meneja akisema maji yametoka chumbani kwenu," wakili akaendelea, "mwambie ni kweli. Halafu muulize, sisi tulikosea nini?"

Hapo ndipo koo likanikauka, maana nilikuwa na jibu.

Wakili hakunificha. Mgeni naye ana wajibu wa kutumia choo kama choo, na akiona dalili ya hatari anatakiwa kusema. Kama sinki lingeziba bila wewe kufanya lolote la ajabu, na ukapiga simu mapokezi hapo hapo, huna deni. Hata kama wamekuja kesho yake. Ukitupa nepi, kondomu, pedi au waipsi, umeweka mguu mmoja ndani. Ukiona maji yamepanda ukafunika mfuniko ukaenda disko, umeweka na wa pili.

"Lakini usisaini ile karatasi," akasema. "Imeandikwa uharibifu wote. Wewe unajua kuhusu waipsi. Hujui kuhusu tangi."

NDOO 36

Na hapa ndipo mume wangu alipoamka. Yeye si mwanasheria, ni mhasibu, na mhasibu ukimpa namba anapona hata homa.

Tangi la choo cha kukaa, alisema, linabeba lita sita mpaka tisa hivi. Choo kikiziba na ukavuta maji mara moja, yatakayomwagika hayazidi hizo lita tisa. Unafuta kwa taulo na dekio, unaona aibu, unalala. Hayawezi kupita korido na kushusha dari la mtu. Kwa dari kushuka, lazima maji yaliendelea kuja usiku kucha. Yanatoka wapi wakati sisi tumelala?

Tulirudi ndani tukamwomba meneja, kwa heshima zote, fundi wa hoteli atufungulie tangi mbele yetu. Fundi alikuja, kijana mkimya, akanyanyua mfuniko. Boya lilikuwa limepinda na valvu yake haifungi. Kwa kawaida maji yakijaa, boya linanyanyuka na kufunga bomba. Lisipofunga, ya ziada yanaingia kwenye kile kibomba cha katikati na kushuka ndani ya sinki kimya kimya. Sinki likiwa wazi hutagundua, utasikia tu chururu chururu. Sinki likiwa limeziba, maji hayana pa kwenda zaidi ya sakafuni. Na kile kitundu cha kutolea maji sakafuni, ambacho kingetuokoa wote, kilikuwa kimejaa saruji ya mafundi wa vigae.

Mume wangu akaomba ndoo ya lita 20, akaiweka chini ya lile bomba la kuingizia maji, akatazama saa. Ilijaa kwa dakika tano. Lita nne kwa dakika, lita 240 kwa saa. Mlinzi alisema pampu ya kisima ilianza kujaza masimtanki ya juu saa sita usiku, na kabla ya hapo maji yalikuwa yanakuja kwa kudonoa. Kuanzia saa sita hadi saa tisa ni lita 720. Ndoo 36.

(Utaniuliza mji ulio chini ya Uluguru unafanya nini na masimtanki na visima. Milima ile ile inazaa Mto Ruvu unaonyweshea Dar es Salaam. Hiyo ni stori ya siku nyingine.)

Dada wa usafi alikuwa amesimama mlangoni akifuatilia. Alimwangalia meneja, akainamisha macho, akasema taratibu, "Mama, choo hiki niliandika kwenye daftari wiki iliyopita. Kwamba tangi halifungi."

Kimya. Meneja akaagiza daftari la matengenezo liletwe. Ilikuwa imeandikwa kweli, kwa kalamu nyekundu, na pembeni hakuna alama ya kwamba imeshughulikiwa.

Nilijua ni wakati wangu. Ningeweza kukaa kimya, ushahidi ulikuwa umetuelemea vizuri tu. Lakini yule dada alikuwa amejiweka matatani na bosi wake kwa kusema ukweli, na mimi nimevaa pete ya ndoa nimesimama nimebana midomo. Nikasema, "Mama, na mimi nina langu. Nilitupa waipsi chooni."

Fundi alikuwa tayari ameshaingiza waya. Zilitoka tatu, nyeupe pe, kama zimetoka pakiti sasa hivi.

KIBAO NYUMA YA MLANGO

Meneja hakukasirika kama nilivyotegemea. Ila alituonyesha kibao kilichobandikwa nyuma ya mlango wa chumba: mgeni atalipa gharama zote za uharibifu wowote utakaotokea chumbani. Wengi wetu tukikiona kibao kama hicho tunadhani kesi imekwisha.

Haijaisha. Mwaka 1949 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisikiliza kesi ya mama mmoja, Olley, aliyefika hotelini na mumewe, wakalipa mapokezi, kisha wakapanda chumbani. Huko ndiko kulikokuwa na tangazo kwamba hoteli haihusiki na vitu vinavyopotea au kuibwa visipokabidhiwa. Koti lake la manyoya likaibwa. Hoteli ikajitetea kwa tangazo lile. Mahakama ikasema mkataba ulishafungwa kule chini mapokezi, na huwezi kumwongezea mtu sharti baada ya kumaliza kupatana naye. Mama akashinda. Ni hukumu ya baada ya ile 1920, kwa hiyo hapa kwetu haimbani hakimu, ila mawakili huitumia kumshawishi. Kwa hiyo masharti yaliyo kwenye fomu unayosaini mapokezi ndiyo ya kusoma. Ya nyuma ya mlango ni mjadala. Kumbuka tu kwamba kibao kikikosa nguvu, wajibu wako wa kuwa mwangalifu uko pale pale.

Hata kwenye fomu, kiasi kikishatajwa kama faini hakilipwi tu kwa sababu kimetajwa. Kifungu cha 74 cha ile Sura ya 345 kinampa mdai fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa. Kifungu cha 73 kinahusu hasara iliyotokana moja kwa moja na kosa, ile ya mbali haimo. Na aliyepata hasara anatazamiwa kufanya anachoweza kuipunguza. Zulia lililolowa linaanikwa. Huliachi lioze ili udai jipya.

Tukarudi kwenye ile karatasi mstari kwa mstari. Zulia la 480,000 lilikuwa bei ya zulia jipya la dukani. Lile la korido lilikuwa limeshapauka katikati, njia nzima inayopitwa na wageni. Fidia inamrudisha mtu pale alipokuwa, haimnunulii maisha mapya. Jua la Moro lilikuwa linawaka, meneja mwenyewe akakubali lifuliwe na kuanikwa, 60,000. Dari na godoro hatukubishana, tulivikuta vimekufa. Chumba kutouzwa siku mbili, sawa, hasara halisi. "Usumbufu" akaufuta mwenyewe kwa kalamu bila kuambiwa. Jumla mpya ikawa 840,000.

Kuhusu mabegi, niseme hivi. Mwenye hoteli ana haki ya zamani sana ya kuzuia mizigo ya mgeni asiyelipa chumba na chakula. Sisi tulishalipa vyote tangu Ijumaa. Bili ya uharibifu inayobishaniwa ni kitu kingine, inadaiwa kwa notisi na, ikishindikana, mahakamani. Na akitokea mtu wa kukutishia polisi, ujue kufurika kwa choo ni madai. Inageuka jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, pale mtu anapoharibu mali ya mwenzake kwa makusudi. Meneja wetu hakufika huko, ila nimesikia wenzangu waliotishiwa wakatoa pesa wakiwa wanatetemeka.

YULE BABA WA CHINI

Nilikuwa namwogopa huyu kuliko meneja. Yeye hakutupa chochote popote. Amelipia chumba kikavu, ameamka ana jipsamu kifuani.

Wakili alisema huyo asitumwe kwenu kwa kuoneshwa kidole. Mkataba wake ni na hoteli, kwa hiyo anaanza na hoteli. Hoteli ikishamlipa, ndiyo inaweza kugeuka kwetu kwa sehemu yetu. Anaweza pia kutufuata sisi kwa uzembe, ila kwa nini ahangaike kututafuta Tabata wakati mwenye choo kibovu yuko pale mapokezi?

Na wafanyakazi je? Hapa wakili alicheka kabisa. Kuna kesi mbili za kale za makarani wa London walioacha bomba wazi. Mwaka 1881 karani aliingia kwenye chumba cha kunawia cha bosi wake, ambacho hakuruhusiwa kuingia, akaacha bomba, maji yakamshukia jirani wa chini. Bosi akapona. Mwaka 1889 karani mwingine akaacha bomba wazi kwenye choo walichopewa wafanyakazi wenyewe. Bosi huyo akalipa. Kwa hiyo mhudumu wa hoteli akiacha bomba wazi wakati anasafisha chumba chako, hiyo ni ya hoteli, wewe kunywa chai yako. Na daftari lisiloshughulikiwa nalo ni la hoteli, hata kama aliyelisahau ni mtu mmoja tu wa zamu.

Basi mimi mwenyewe nilishuka kwenda kumwomba radhi yule baba. "Shikamoo baba, mimi ndiye wa chumba cha juu." Akaniangalia, akasema marahaba, akauliza kama na sisi vitu vyetu vimelowa. Sikutegemea. Laptopu ilipelekwa kwa fundi mjini, ikakaushwa, ikabadilishwa kibodi kwa 120,000. Hoteli ikalipa yote.

TULIVYOMALIZANA

Sasa mgawanyo. Kuna wanaodhani sheria ni lazima imchague mmoja, mshindi abebe vyote. Sura ya 310 ya sheria zetu inaruhusu hasara igawanywe pale ambapo pande zote mbili zimechangia, kila mmoja kwa kiasi cha kosa lake. Bila waipsi zangu, maji ya lile tangi yangeendelea kwenda zake shimoni na hasara ingekuwa bili ya umeme wa pampu. Bila lile boya bovu, waipsi zangu zingetoa lita tisa na aibu. Viwili hivyo vilikutana usiku mmoja kwenye choo kimoja, na kile kitundu kilichozibwa saruji kikamalizia.

Nani alikosea zaidi? Mimi nilijua saa kumi na mbili jioni. Mume wangu alijua tulipozima taa. Hoteli ilijua wiki nzima, kwa maandishi. Mume wangu akapendekeza theluthi moja iwe yetu. Meneja akafikiri, akasema nusu. Wakili, kwenye simu, akasema mkienda mahakamani mtatumia nauli nyingi kuliko hiyo tofauti. Meneja akalitazama tena lile daftari lenye wino mwekundu. Theluthi.

Shilingi 280,000. Tukaandika karatasi mpya: tumelipa kiasi hiki kama mchango wetu, na hakuna atakayemdai mwenzake tena kwa tukio hili. Tukasaini wote, mlinzi akawa shahidi, picha tukapiga. Mstari huo wa kumaliza madai wakili aliusisitiza sana, kwa sababu ya bima. Hoteli ikiwa na bima ya majanga yanayohusisha kufurika kwa maji, kampuni ya bima ikishailipa inaweza kusimama kwenye nafasi ya hoteli na kumgeukia aliyesababisha. Miezi sita baadaye unapata barua kutoka kwa watu usiowajua. Kwa hiyo uliza mapema kama tukio limepelekwa bima. Meneja alisema hapana, na tukaandika hilo pia.

Pesa ilitoka kwenye simu zetu, 140,000 yake na 140,000 yangu. Nilimwambia nilipe yote, waipsi ni zangu. Akasema, "Na tangi nilisikia mimi." Kwenye treni ya kurudi Dar hatukuongea sana mpaka tulipokaribia Pugu, halafu tukaanza kucheka, tena ile ya kushindwa kuacha, mpaka mama wa kiti cha mbele akageuka. Nadhani ndiyo sherehe yenyewe ya miaka mitano tuliyoifuata.

Yule dada wa usafi nilimpigia simu wiki iliyofuata kujua kama amepata matatizo kwa kusema ukweli. Alisema bado yuko kazini, daftari sasa linasainiwa kila jioni na mama mwenyewe, na vyoo vinne vimebadilishwa maboya.

Na meneja, wakati anatukabidhi mabegi, alitusindikiza hadi kwenye bajaji. "Karibuni tena wanangu," alisema. "Safari ijayo nitawapa chumba cha chini."